Kupunguza ukubwa wa picha za hadubini bila kuharibu vipimo: hatua kwa hatua kwenye ImageJ na Fiji

"Nimepunguza picha zangu ziwe nyepesi, sasa kila seli nyekundu inanipa maikroni 3.7. Tatizo ni nini?" Swali hili, au ndugu yake, linanifikia karibu kila muhula. Anayeuliza huwa hajafanya uzembe wowote. Amepiga picha vizuri, ametumia lenzi sahihi, kisha katikati ya kazi akabadilisha ukubwa wa picha, na kuanzia hapo kila namba iliyotoka kwenye jedwali lake ni ya uongo. Linaloniuma ni kwamba kompyuta haimwambii kitu. Haitoi onyo wala rangi nyekundu, inampa tu namba yenye desimali tatu.

Mwongozo huu ni wa anayetumia ImageJ au Fiji kupima picha za hadubini. ImageJ ni programu ya bure iliyotengenezwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na Fiji ni ImageJ hiyohiyo ikiwa imefungashiwa zana nyingi za ziada. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee. Mfano wangu wote ni slaidi ya damu iliyotandazwa kwa wembamba, ile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria, kwa sababu seli nyekundu ya damu ya binadamu ni rula ya bure: kipenyo chake ni maikroni 7 hadi 8 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukipata 3.7 au 15, wala huhitaji kumuuliza mtu kama umekosea.

Jambo moja la kushika kabla hujaanza

Kalibresheni maana yake ni hii tu: pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni maikroni ngapi. Na hesabu inayotawala kila kitu ni moja:

idadi ya pikseli kwa upana × ukubwa wa pikseli = upana wa uwanja

Uwanja ni kile kipande halisi cha slaidi ambacho kamera ilikiona. Ukipunguza picha, kile kipande cha slaidi hakijapungua. Pikseli zimekuwa chache, kwa hiyo kila moja lazima iwe kubwa zaidi ili uwanja ubaki uleule. Ukikata picha, mambo yanageuka: uwanja unapungua, pikseli inabaki na ukubwa wake. Makosa karibu yote ninayoyaona yanatokana na kuchanganya mambo haya mawili.

Utakavyohitaji

- Faili asili kutoka kwenye kamera. Si picha ya skrini, si iliyopitia WhatsApp, si iliyochomolewa kwenye Word.
- Slaidi ya kipimo, ile yenye mstari wa milimita 1 uliogawanywa mara 100, kila kigawanyo maikroni 10. Ipigwe picha kwa lenzi ileile, kamera ileile na mipangilio ileile ya kamera.
- ImageJ au Fiji kwenye kompyuta yako.
- Daftari. Nasema daftari la karatasi, na nitaeleza mbele kwa nini.

Namba za mfano wetu: kamera yenye pikseli za maikroni 3.45, lenzi ya 100x ya mafuta, na adapta ya 0.5x kati ya hadubini na kamera. Ukuzaji unaofika kwenye kamera ni mara 50, kwa hiyo pikseli moja ni 3.45 ÷ 50 = maikroni 0.069. Picha ina pikseli 2448 kwa 2048.

Hatua ya 1: Pata kalibresheni kwenye picha asili, si kwenye iliyopunguzwa

Fungua picha ya slaidi ya kipimo. Chukua zana ya mstari, shikilia Shift ili mstari usipinde, uvute kupita vigawanyo 10, yaani maikroni 100. Vuta kutoka ukingo wa kushoto wa alama moja hadi ukingo wa kushoto wa alama nyingine. Alama zenyewe zina unene, na ukianzia ndani ya moja na kuishia nje ya nyingine umeshaongeza kosa.

Nenda "Analyze > Set Scale". Sehemu ya "Distance in pixels" itakuwa imejazwa tayari, tuseme 1449. Kwenye "Known distance" andika 100. Kwenye "Unit of length" andika um, programu itaelewa kuwa ni maikroni. Usivute mstari mfupi wa kigawanyo kimoja. Ukikosea pikseli 2 kwenye mstari wa pikseli 145 umekosea zaidi ya asilimia 1. Ukikosea hizohizo 2 kwenye 1449, kosa linapungua mara kumi.

Ukifungua mafaili ya hadubini yenyewe kama CZI, LIF au ND2 kupitia Bio-Formats, zana ya kusomea mafaili ya aina hiyo, mara nyingi kalibresheni huja na faili. Hata hivyo ihakikishe kwa slaidi ya kipimo walau mara moja. Hadubini haijui kila mara kwamba mtu alibadilisha adapta.

Hatua ya 2: Soma kichwa cha dirisha, uandike upana wa uwanja

Fungua picha yako ya damu na uipe kalibresheni hiyo kwenye "Image > Properties": "Pixel width" 0.069, "Pixel height" 0.069, kipimo um. Sasa angalia mstari mdogo juu ya picha. Utasoma hivi:

168.91x141.31 µm (2448x2048)

Huo mstari ndio rafiki yako mkubwa katika kazi hii yote. Nje ya mabano ni uwanja, ndani ya mabano ni pikseli. Andika namba zote nne kwenye daftari pamoja na jina la faili. Kwenye daftari, kwa sababu picha ikibadilishwa jina, ikahamishwa folda na kupita mikononi mwa watu watatu, karatasi yako haitabadilika nayo.

Mstari ukisema tu "2448x2048 pixels", picha haina kalibresheni kabisa. Usiendelee mpaka uipe.

Hatua ya 3: Ondoa tiki ya "Global"

Kwenye "Set Scale" na kwenye "Properties" kuna kisanduku kimeandikwa "Global". Ukikiwekea tiki, kalibresheni hiyo inapachikwa kwenye kila picha iliyofunguliwa na kila utakayoifungua. Kwa mtu ambaye picha zake zote zina ukubwa mmoja ni msaada mkubwa. Kwako wewe unayetaka kubadilisha ukubwa ni mtego. Picha iliyopunguzwa nusu, yenye pikseli za maikroni 0.138, itavalishwa 0.069 bila kuulizwa.

Hili nalijua kwa uchungu. Niliwahi kupima seti nzima ya picha zilizopunguzwa huku "Global" ikiwa imewashwa tangu asubuhi, na nikagundua pale tu nilipoona wastani wa vipenyo uko chini ya maikroni 4. Wiki mbili za kazi zilirudiwa kuanzia mwanzo. Ikague kila unapoanza kazi, hasa kwenye kompyuta ya maabara inayotumiwa na wengi.

Hatua ya 4: Chagua uwiano unaogawanyika bila baki

Hapa ndipo kosa dogo linapojificha, na ndipo wengi hawatazami.

Pikseli haina nusu. Ukipunguza 2448 × 2048 kwa 0.5 unapata 1224 × 1024 kamili, na ukubwa mpya wa pikseli ni 0.138 sawasawa. Ukipunguza kwa 0.3, hesabu inatoa 734.4 × 614.4. Haiwezekani, basi programu inachukua 734 × 614. Sasa uwiano halisi si 0.3 tena. Ukubwa sahihi wa pikseli ni 168.912 ÷ 734 = 0.230125, wakati anayegawa 0.069 kwa 0.3 anapata 0.23. Tofauti ni asilimia 0.05. Kwa picha nzima hiyo si kitu cha kukukosesha usingizi.

Lakini chukua kipande ulichokikata kuzunguka seli moja, pikseli 115, yaani maikroni 7.935. Kipunguze kwa 0.1. Unatarajia 11.5, unapata 11. Ukiendelea kuamini kwamba kila pikseli ni 0.69, upana wa kipande umekuwa maikroni 7.59. Umepoteza zaidi ya asilimia 4 kwa kukata desimali tu. Kadiri picha inavyokuwa ndogo, ndivyo kosa hili linavyonenepa.

Kwa hiyo: punguza kwa 2 au kwa 4 kila inapowezekana (2448 na 2048 zote zinagawanyika kwa 4: 612 × 512). Kama lazima utumie uwiano mwingine, usigawe ukubwa wa pikseli kwa uwiano ulioandika. Gawa upana wa uwanja kwa pikseli zilizopatikana kweli. Baadhi ya zana hutumia uwiano ulioandika wewe, nyingine hutumia uwiano uliopatikana, na hakuna haja ya kubahatisha wakati daftari lako lina jibu.

Hatua ya 5: Punguza

Kwanza tengeneza nakala kwa "Image > Duplicate". Faili asili haliguswi. Kisha una njia tatu:

"Image > Scale": andika 0.5 kwenye X na Y. Hakikisha "Create new window" ina tiki. Ukiiondoa, fremu ya picha inabaki na ukubwa uleule na yaliyomo ndani ndiyo yanayosinyaa katikati. Hapo ile hesabu ya uwanja imevunjika na kalibresheni ya dirisha hilo haifai kuaminiwa.

"Image > Adjust > Size": unaandika pikseli unazotaka badala ya uwiano. Acha tiki kwenye "Constrain aspect ratio". Bila hiyo unaweza kuandika 1224 × 1000, na seli zote zikabonyea kama chapati iliyokaliwa.

"Image > Transform > Bin": inaunganisha pikseli 2 × 2 au 4 × 4 kuwa moja. Hii ndiyo ninayoipenda kwa picha za kupimwa, kwa sababu inakubali namba nzima tu, na pikseli za pembeni zisizotosha fungu inaziacha. Uwanja unaweza kupungua kidogo ukingoni, lakini ukubwa wa pikseli unabaki kamili.

Kuhusu kisanduku cha "Average when downsizing": kwa picha ya kawaida weka tiki, la sivyo mistari myembamba itakatika na madoadoa yasiyokuwepo yatajitokeza. Kwa picha za kinyago, zile za nyeusi na nyeupe, au zile ambazo kila seli imepewa namba yake, ondoa tiki na chagua interpolesheni "None". Interpolesheni huchanganya namba za majirani. Kati ya seli namba 10 na seli namba 20 itazaliwa seli namba 15 ambayo haikuwahi kuwepo kwenye slaidi ya mgonjwa yeyote.

Na kukuza je? Programu itakubali kuikuza picha mara 4, na kalibresheni itakuwa sahihi: maikroni 0.01725 kwa pikseli. Lakini hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban maikroni 0.2. Kimelea ambacho hakikuonekana hakitaonekana sasa.

Hatua ya 6: Rudi kwenye kichwa cha dirisha

Baada ya kupunguza nusu unapaswa kusoma:

168.91x141.31 µm (1224x1024)

Namba za nje zilezile, za ndani zimebadilika. Ukiona 84.46x70.66 µm, ukubwa wa pikseli haukufuata. Uwanja umegawanywa kwa 2. Ukiona 168.82 badala ya 168.91, hiyo ni ile desimali iliyokatwa ya Hatua ya 4.

Kurekebisha ni rahisi. Fungua "Set Scale" kwenye picha iliyopunguzwa, "Distance in pixels" weka upana wake mpya kwa pikseli, "Known distance" weka upana wa uwanja kutoka kwenye daftari, 168.912. Basi. Kama upana na kimo vimekatwa desimali tofauti, tumia "Properties" uandike "Pixel width" na "Pixel height" kila kimoja kwa hesabu yake.

Hatua ya 7: Pima seli moja mara mbili

Chagua seli moja inayotambulika kwa urahisi, labda iliyo karibu na pembe. Ipime kwenye picha asili, kisha kwenye iliyopunguzwa. Ukipata maikroni 7.52 na 7.5, endelea. Tofauti ndogo ni ya mkono wako, maana kwenye picha ndogo pikseli moja tu ni maikroni 0.138. Tofauti ya mara mbili si ya mkono.

Angalia pia eneo, kwa sababu lenyewe hukosewa kwa mraba. Seli ya kipenyo cha 7.5 ina eneo la takriban maikroni za mraba 44. Kalibresheni ikikosewa kwa nusu, eneo linakuwa 11.

Hatua ya 8: Mstari wa kipimo

"Analyze > Tools > Scale Bar". Ukiuchoma mstari huu ndani ya picha, utapungua na kukua pamoja na picha, na utabaki kusema kweli popote picha itakapokwenda, mradi uwiano wa upana na kimo haukuguswa. Ndiyo maana kuandika "mara 1000" chini ya picha hakusaidii kitu: picha hiyo kwenye simu na kwenye ukuta wa projekta zina ukuzaji tofauti kabisa.

Kwa picha ya kutuma kwa mwenzako kwa simu, choma mstari kabla. Kwa picha ya kuchapishwa, punguza kwanza kisha weka mstari, maandishi yatoke safi. Kwa picha ya kupimwa usichome kabisa; mstari mweupe utahesabiwa kama seli.

Hatua ya 9: Hifadhi kama TIFF

TIFF ya ImageJ inabeba kalibresheni ndani yake. JPEG na PNG usizitegemee kubeba maikroni zako, na JPEG juu ya hapo inaharibu thamani za pikseli. Kwenye jina la faili ongeza ukubwa mpya wa pikseli, kwa mfano slaidi07_0.138um.tif.

Kama picha ni nyingi

Makro hii, yaani orodha ya amri ambazo programu inazitekeleza yenyewe, inapunguza nusu na kuandika kalibresheni kutokana na pikseli zilizopatikana kweli:

getVoxelSize(px, py, pz, kipimo);
upana = getWidth();
kimo = getHeight();
run("Size...", "width=1224 height=1024 depth=1 average interpolation=Bilinear");
setVoxelSize(px*upana/getWidth(), py*kimo/getHeight(), pz, kipimo);

Inafaa picha za 2448 × 2048 tu. Ukiwa na ukubwa mwingine badilisha namba zote mbili. Tahadhari kwa wanaopenda kuandika makro: lugha hii haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina, kwa hiyo w na W ni kitu kimoja, na moja litafuta jingine kimyakimya.

Mambo yakikwama

*Kichwa cha dirisha kinasema inchi.* Picha imepita kwenye programu nyingine iliyoandika 300 dpi ndani ya TIFF, na ImageJ imeamini kwamba pikseli 300 ni inchi moja. Dpi ni maelekezo ya printa, haihusiani na slaidi. Ipe picha kalibresheni upya.

*Picha zote zina maikroni 0.069 kwa pikseli ingawa ukubwa wake unatofautiana.* "Global". Rudi Hatua ya 3.

*Seli zimekuwa mayai, zote zikielekea upande mmoja.* Upana na kimo vilipunguzwa kwa uwiano tofauti. Gawa upana kwa kimo: asili ni 2448 ÷ 2048 = 1.195. Usipopata hiyo, rudia kutoka faili asili.

*Picha asili ina 1224 × 1024 na hakuna aliyeipunguza.* Kamera yenyewe ilikuwa imewekwa kuunganisha pikseli 2 × 2 wakati wa kupiga. Pikseli yako ni 0.138 tangu mwanzo. Angalia mipangilio ya kamera kabla ya kulaumu programu.

*Seli nilizokuwa nimezizungushia mstari haziendani na picha ndogo.* Machaguo huhifadhiwa kwa pikseli, si kwa maikroni. Tumia "Edit > Selection > Scale" kwa uwiano uleule, uhakikishe kwa macho kwamba limekaa mahali pake.

*Nimekuza picha kwa kitufe cha kujumlisha na kipimo hakijabadilika.* Ndivyo inavyotakiwa. Kukuza kwenye skrini ni kusogeza macho karibu, pikseli hazijaguswa.

*Nina picha ya WhatsApp tu, asili imepotea.* Kama una uhakika haikukatwa, na upana ÷ kimo bado ni takriban 1.195, gawa 168.912 kwa pikseli za upana ulionao na upate ukubwa wa pikseli. Pima seli nyekundu kumi zilizo nzima, zisizogusana. Zikikaa kati ya 7 na 8, picha hiyo unaweza kuitumia kwa vipenyo, ukiandika kwenye ripoti namna ulivyopata kalibresheni. Kwa kupima mng'ao au rangi usiitumie. Na kama imekatwa, hata kidogo tu pembeni, upana wa uwanja haujulikani tena; rudi kwenye slaidi upige picha upya.